Freddie Mercury, kijana wa Zanzibar aliyekimbia kwao na sauti yake ikafika hata Kanyaruchinya

Kwenye viwanja vya mpira vya Goma na vya teritware ya Nyiragongo, kuna mlio mmoja ambao hata watoto wadogo wanaujua. Miguu inapiga chini mara mbili, mikono mara moja. Kisha tena. Hakuna haja ya ngoma wala ya umeme, na pale Kanyaruchinya, ambako udongo umechanganyika na mawe ya volkano, mlio wa miguu unasikika vizuri zaidi.

Vijana wengi wanaopiga mlio ule hawajui umetoka wapi. Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1970 na 1980, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaire na muziki ulikuwa unatembea kwa kaseti, wengine wanakumbuka. Ni wimbo wa kundi la Queen la Uingereza, na mwimbaji wa kundi lile alikuwa Freddie Mercury, yule mwanaume wa masharubu meusi aliyekuwa anakimbia jukwaani na fimbo ya mikro mkononi. Lakini hata kati ya wazee, si wengi wanaojua kwamba mtu yule alizaliwa Afrika ya Mashariki, kwenye kisiwa ambako Kiswahili njo lugha ya nyumbani na ya soko. Aliondoka huko akiwa na miaka 17 kwa sababu ambayo mkaaji wa Kanyaruchinya haitaji kufafanuliwa: watu walikuwa wanauawa, na familia yake ikakimbia.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka wa 1946 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza feza kwenye tribinali kuu ya serikali ya Waingereza, ambao wakati ule walikuwa wanasimamia kisiwa. Mama yake aliitwa Jer. Wazazi wote wawili walikuwa Waparsi, watu wa asili ya Uajemi ambao mababu zao walihamia India karne nyingi zilizopita, na wanaofuata dini ya Zoroasta. Kwa hiyo hata mbele ya yeye kuzaliwa, familia ile ilikuwa na historia ndefu ya kuhama.

Maisha ya kwanza yalikuwa mazuri. Nyumba ilikuwa karibu na bahari, baba alikuwa na mshahara wa kila mwezi, na mama mmoja wa kazi alisaidia kulea mtoto. Mwaka wa 1952 akazaliwa dada yake, Kashmira.

Alipofikia miaka 8 hivi, wazazi walimtuma kusoma India, katika shule ya bweni ya St Peter's, kwenye mji wa milimani unaoitwa Panchgani. Safari ilikuwa ya meli. Toka hapo hakuwa tena mtoto wa kukaa na baba na mama. Likizo nyingi alizipitisha Bombay kwa shangazi na kwa wazee wa familia. Wanafunzi wenzake njo walioanza kumuita Freddie, na jina likabaki.

Shuleni alijifunza piano, na akiwa na miaka 12 hivi waliunda na wenzake kundi la muziki lililoitwa The Hectics. Yeye alikuwa anapiga piano tu, wala hakuwa mwimbaji wa mbele. Tena alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yaliyosukuma meno ya mbele yatokeze, na watoto wa shule wanajua kuchekelea. Mazoea ya kuficha meno kwa mkono au kwa mdomo aliendelea nayo hata alipokuwa mtu mkubwa. Alipopata feza za kutosha kuyatengeneza, alikataa. Aliogopa sauti ingebadilika.

Mwaka wa 1964

Mwaka wa 1963 alirudi Zanzibar. Tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka ule, kisiwa kilipata uhuru. Mwezi mmoja tu nyuma ya pale, tarehe 12 mwezi wa kwanza 1964, mapinduzi yakaangusha serikali ya Sultani. Maelfu ya watu waliuawa, sana sana Waarabu, na Wahindi pia hawakuponea. Maduka yaliporwa, nyumba zilichukuliwa, na watu wakaanza kutafuta meli na ndege za kuondoka.

Wazee wa Kongo wanaukumbuka mwaka wa 1964 kwa vita ya Simba, iliyopita Uvira, Maniema na Kisangani. Ni mwaka ule ule ambapo familia ya Bulsara ilifunga masanduku na kuacha Zanzibar. Juu baba alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza, waliweza kuingia Uingereza. Walifikia Feltham, mtaa ulio pembeni ya kiwanja cha ndege cha Heathrow, nje kidogo ya London, katika nyumba ndogo yenye baridi. Baba, aliyekuwa na heshima ya kazi ya serikali, alianza upya na kazi ya hesabu. Mama akafanya kazi dukani.

Waliokaa katika kambi ya Kanyaruchinya mwaka wa 2012, na wale waliorudi tena chini ya mahema kuanzia 2022 mpaka mwanzo wa 2025, wanajua namna mambo yanavyokuwa. Mwalimu anakuwa mbeba mizigo, mwenye shamba anakuwa mtu wa kupanga foleni. Familia ya Bulsara haikulala chini ya hema, na kwa hilo walikuwa na bahati kubwa. Lakini kuanza upya mahali ambapo hakuna anayejua jina lako, hilo walilipitia.

Kijana Farrokh hakupenda kuongelea Zanzibar. Miaka yote ya umaarufu wake, waandishi wa habari walipata maneno machache sana kuhusu kisiwa, mapinduzi au asili yake. Watu wengi waliompenda Uingereza waliishi wakidhani ni Mwingereza tu. Wengine leo wanamlaumu kwa hilo. Wengine wanakumbusha kwamba miaka ile, mtu mwenye ngozi ya kihindi alikuwa anatukanwa barabarani London, na kwamba kuna watu waliokimbia wanaochagua kufunga mlango wa nyuma ili waweze kutembea mbele.

Nguo za mtumba na jina jipya

Alisoma sanaa na michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka wa 1969. Kwa kupata feza, alibeba mizigo ya wasafiri kwenye kiwanja cha ndege cha Heathrow. Kisha alifungua meza ya kuuza nguo za zamani kwenye soko la Kensington pamoja na rafiki yake Roger Taylor, mpiga ngoma, sawa wale wanaouza mtumba kwenye soko la Virunga na kujua kuchagua kipande kizuri ndani ya balo.

Taylor alikuwa kwenye kundi lililoitwa Smile, na mpiga gitaa Brian May, kijana aliyekuwa anasoma elimu ya nyota. Mwimbaji wa Smile alipoondoka, mwaka wa 1970, Freddie akachukua nafasi yake. Yeye njo aliyeleta jina la Queen, maana yake malkia. Mwaka wa 1971 aliingia John Deacon wa gitaa la bezi, na toka hapo hao wane hawakubadilika mpaka kifo. Freddie alichora hata alama ya kundi: simba wawili, kaa mmoja na wasichana wawili wa hadithi, kufuatana na nyota za kuzaliwa za kila mmoja.

Wakati ule ule akaacha jina la Bulsara, akajiita Mercury. Kwa Wakongomani, miaka ile pia ilikuwa ya kubadili majina. Mwezi wa 10 mwaka wa 1971 Kongo ikawa Zaire, na mwaka wa 1972 Mobutu akaamuru raia waache majina ya kizungu. Tofauti ni kwamba Farrokh aliacha jina la mababu kwa mapenzi yake mwenyewe. Nyumbani, kwa mama yake, alibaki mtoto yule yule.

Roki ya kung'aa na roki nzito

Mwanzo wa miaka ya 1970, vijana wa Uingereza walikuwa na mitindo miwili ya roki iliyokuwa inapanda. Mmoja ulikuwa roki ya kung'aa, inayoitwa glam: wanaume kuvaa satini, viatu virefu, kucha nyeusi na rangi machoni. Mwingine ulikuwa roki nzito, iliyozaa ile inayoitwa hevi metali: magitaa ya kulia kwa nguvu na ngoma za kutikisa kuta. Queen walichukua yote mawili. Kwa mtu aliyekua na sape ya Kinshasa si vigumu kuelewa. Papa Wemba aliwaonyesha vijana wa Zaire kwamba mavazi nayo ni sehemu ya muziki, na Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwishoni mwa 1969, iliondoa tarumbeta na kuweka magitaa na ngoma mbele. Wazazi wa Kinshasa na wazazi wa London walikuwa na malalamiko yanayofanana.

Mwaka wa 1975 Freddie aliandika Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika 6 unaoanza polepole kwa piano, unaingia kwenye opera, unalipuka kwa roki nzito, kisha unazimika. Ndani ya ile sehemu ya opera kuna neno la Kiarabu ambalo Mwislamu analisema mbele ya kuanza jambo lolote, neno ambalo mtoto wa Mji Mkongwe lazima alilisikia kila siku. Wakubwa wa kampuni ya sahani walisema hakuna radio itakayokubali wimbo mrefu vile. Lakini mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, alipata nakala na kuupiga mara 14 ndani ya wikendi moja. Watu wakaenda madukani kuuliza sahani ambayo ilikuwa bado haijatoka. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza wiki 9.

Miaka miwili nyuma ya pale ukaja ule mlio wa viwanjani. We Will Rock You uliandikwa na Brian May, aliyetaka wimbo ambao watu wote uwanjani wanaweza kuupiga wenyewe hata wakiwa wamebanana. Walirekodi wakipiga miguu juu ya mbao, mara nyingi, katika studio iliyokuwa zamani jengo la kanisa. Hakuna ngoma ndani yake, na gitaa linaingia kwa nguvu mwishoni tu. Upande wa pili wa sahani ile, Freddie aliandika We Are the Champions, wimbo wa mabingwa ambao bado unapigwa timu zikiinua kombe. Mwaka wa 1984 Roger Taylor aliongeza Radio Ga Ga, wimbo wa kuisifu radio wakati televisheni ilikuwa inaichukulia nafasi.

Kosa la Sun City na siku ya Wembley

Maisha yake hayakukosa doa. Mwezi wa 10 mwaka wa 1984, Queen walikubali kuimba Sun City, ndani ya Afrika ya Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wamekataa kwenda. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na jina la kundi likawekwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo ule. Walijitetea kwamba wao hawafanyi siasa. Waafrika wengi hawakuridhika na jibu lile. Ukweli kwamba mwimbaji mwenyewe alikuwa mtoto wa Afrika uliongeza uchungu.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka wa 1985, kulikuwa na tamasha la Live Aid kwa ajili ya watu waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia. Uwanja wa Wembley ulijaa watu 72,000, na dunia nzima ilikuwa mbele ya televisheni. Kila kundi lilipewa karibu dakika 20. Queen walifanya mazoezi ya dakika zile kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa dola. Freddie aliketi kwenye piano, kisha akasimama, na kwa muda ule mfupi alishika uwanja wote mkononi. Kwenye Radio Ga Ga mikono ya watu wote ilipanda na kupiga pamoja. Mpaka leo, wengi wanahesabu kwamba hakuna kundi lililofanya vizuri kuliko wao siku ile. Mtoto wa wakimbizi njo alikuwa anachangisha chakula cha wenye njaa.

Ugonjwa na kimya

Kwa upande wa mapenzi, aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, msichana aliyefanya kazi dukani, na walifikiria kuoana. Walipoachana walibaki marafiki mpaka mwisho, na yeye njo aliyeachiwa nyumba ya Kensington na sehemu kubwa ya mali. Freddie alikuwa pia na mahusiano na wanaume, na miaka yake ya mwisho aliishi na Jim Hutton, aliyemuuguza. Hayo yote hakuyatangaza.

Mwaka wa 1987 alipimwa, akakutwa na virusi vya Sida. Mwaka ule ule, Franco Luambo Makiadi alitoa wimbo wake mrefu Attention na Sida, kuwaonya watu wa Zaire. Wakati ule ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua watu wengi Kinshasa, Kampala, Bukoba na kwingineko, na hapakuwa na dawa ya kuuzuia kwa kweli. Watu walikuwa wanakimbia wagonjwa. Mwaka wa 1989, mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alisimama mbele ya watu na kusema kwamba anao. Wengi hawakumwamini, wengine walimcheka. Alitumia miezi yake ya mwisho kuzunguka shule na makanisa, akafa mwezi wa 12 mwaka ule.

Freddie alichagua njia nyingine. Alificha. Magazeti yalimpiga picha akiwa amekonda, yakaandika kila aina ya maneno, yeye akakana au akanyamaza. Hata wenzake wa Queen hawakuambiwa mara moja. Alichofanya ni kuimba. Alirekodi na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera kutoka Barcelona. Aliingia studio na kundi lake mpaka miezi ya mwisho, akiimba siku ambazo miguu ilikuwa inakataa kusimama. Video yake ya mwisho ilipigwa mwezi wa 5 mwaka wa 1991. Anaonekana mwembamba sana, uso umepakwa poda nyingi, anatabasamu.

Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka wa 1991, tangazo lilitoka kwa jina lake: ana Sida. Kesho yake jioni akafa nyumbani kwake, na miaka 45. Kati ya kusema na kufa, haikupita hata siku mbili. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa dini ya Zoroasta, kwa maombi ya mababu, mbele ya baba na mama yake. Mwili ulichomwa, na mahali majivu yalipowekwa watu hawakuambiwa.

Tarehe 20 mwezi wa 4 mwaka wa 1992, uwanja wa Wembley ulijaa tena. Wakubwa wa roki nzito, kama Metallica, Guns N' Roses na Def Leppard, walikuja kumuimbia. Feza za tamasha zilianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao umesaidia kazi za kupambana na Sida katika inchi nyingi, za Afrika pia.

Kisiwani na ziwani

Zanzibar ilichukua muda kumkubali. Mwaka wa 2006, sherehe iliyokuwa imepangwa kwa miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipingwa na kikundi cha dini na haikufanyika. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka wa 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yenye jina lake, mtaa wa Shangani, na watalii wanapanga mstari kuiingia. Sanamu yake ilikuwa imetangulia kusimama Montreux, Uswisi, ukingoni mwa ziwa lenye milima pembeni, ambako alikuwa anapenda kwenda kurekodi na kupumzika. Mkaaji wa Goma akiona picha ya mahali pale anaweza kufikiria Kivu.

Dawa zilizoweza kweli kushika virusi zilianza kupatikana mwaka wa 1996, miaka mitano nyuma ya kifo chake. Leo mtu anayekutwa na virusi na anayekunywa dawa kila siku anaweza kuishi miaka mingi, kufanya kazi na kuzaa watoto wasio na ugonjwa. Lakini kupanga foleni pale wanapotoa dawa, mahali ambapo majirani wote wanapita, bado kunaogopesha watu. Wako wanaochelewa kupimwa juu ya aibu, na wako waliopoteza dawa zao njiani wakati wa kukimbia vita, kisha wakaogopa kujieleza mahali papya. Mtu mwenye feza zote na madaktari wote wa London aliogopa vile vile.